Wamefuata Maji

Mwezi ukiwa mkubwa, Kirumba, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hujaa watu usiku. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani siku za mbalamwezi, kwa sababu taa zao hushindwa nguvu na mwanga wa juu na dagaa hawakusanyiki. Basi hubaki nchi kavu. Mchana wanashona nyavu, usiku wanatafuta pa kwenda, na miaka ile pa kwenda palikuwa kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea filamu.

Chetu kilikuwa hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mabati pande tatu, turubai upande wa nne. Mabenchi yalikuwa mbao za mitumbwi iliyochakaa. Moja nililolipenda lilibaki na rangi ya buluu na herufi tatu za jina la mtumbwi wenyewe. Televisheni ilikaa ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Kiingilio shilingi 200. Nje, mlangoni kabisa, alikaa mama mmoja na karai lake akikaanga mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Harufu ya mafuta yake imo ndani ya kila filamu niliyoitazama pale.

Usiku mmoja mwishoni mwa 2011 walituwekea filamu ya Battle: Los Angeles. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, na nimesoma mengi yaliyoandikwa juu yake na watu wa mbali. Waliyoyasema watu wa Kirumba usiku ule sijayakuta yameandikwa popote. Nimeona niyaandike mwenyewe kabla hayajanitoka, maana naamini wale wavuvi na wauza samaki waliiona filamu ile kwa undani kuliko wengi waliolipwa kuiandikia.

Kwa ambaye hakuiona: vimondo vinaanguka baharini karibu na miji mikubwa ya pwani duniani kote. Si vimondo. Ni vyombo, na ndani yake kuna askari wa kutoka nje ya dunia ambao silaha zao zimeunganishwa na miili yao. Wanatoka majini na kupanda ufukweni. Kikosi kidogo cha wanamaji wa Marekani kinatumwa Santa Monica kuwatoa raia waliokwama kwenye kituo cha polisi, kabla ndege hazijaupiga mabomu mtaa mzima. Wana saa tatu. Anayewaongoza kwa uzoefu, ingawa si kwa cheo, ni Sajini Michael Nantz, ambaye Aaron Eckhart anamwigiza. Ametoka vitani alikopoteza vijana wake, na wenzake wapya wanamtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu hiyo.

Mtengenezaji wake, Jonathan Liebesman, ni mzaliwa wa Johannesburg. Sehemu kubwa ya hiyo Los Angeles tunayoiona ikiungua ilipigwa picha Louisiana. Iligharimu kiasi cha dola milioni 70, ikaingiza zaidi ya milioni 200 duniani, kwa hiyo watazamaji hawakuikimbia. Wahakiki ndio walioikimbia. Roger Ebert, aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Marekani, aliipa nusu nyota. Nusu.

Wengi walilalamikia kamera inayotetemeka. Hilo nalipita haraka, kwa sababu Kirumba halikuwa jambo. Kijana aliyekaa mbele yangu, wa mtumbwi wa dagaa, alisema anaona kama anavyoona akiwa ziwani upepo umebadilika: kitu kinaonekana, kinapotea, kinaonekana tena kimekaribia. Hakuna aliyelalamika kizunguzungu. Kilichotusumbua macho ni vijidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi na kufuata mwanga wowote. Vilikuja katikati ya mapigano vikaifunika skrini, ikabidi kijana wa kibanda aingize mkono kwenye nondo na kitambaa, afute Los Angeles, tuendelee.

Sauti tuliyoisikia haikuwa ya Eckhart. Kulikuwa na kijana wa mtaani kwetu aliyeshika maikrofoni na kututafsiria papo hapo. Kazi hiyo kwetu ilijengewa jina na marehemu Lufufu, aliyewafanya mamilioni ya watu wasiojua Kiingereza wacheke na kulia na filamu za kigeni. Na ng'ambo ya ziwa, Uganda, ina mabingwa wake ambao vibanda vya Kampala vinawajua kwa sauti tu. Huyu wetu hakuwa na jina kubwa, ila alikuwa na sikio. Wale viumbe aliwaita madubwana. Wanamaji aliwaita makomandoo wa majini. Nantz alimwita Kamanda, na sote tukaamini kuwa Kamanda ndiye stelingi, na stelingi hafi.

Ndipo ikaja sehemu ya maji.

Ndani ya filamu kuna televisheni, na kwenye televisheni hiyo wataalamu wanajadili uvamizi wakati unaendelea. Mmoja anaeleza kwamba wavamizi wamefuata maji: ni nishati yao, na usawa wa bahari umeanza kushuka. Mtafsiri wetu aliinama kwenye maikrofoni, akasema polepole, "Wamefuata maji, jamani. Bahari inapungua."

Kibanda kizima kilinyamaza. Nikiwa kijana niliyetoka kumaliza sekondari, nilishangaa kuona watu wazima waliokuwa wakipiga makelele kwenye kila risasi wananyamaza kwa sentensi moja ya habari. Sasa naelewa. Ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu ziwa litushukie.

Mtu asiyekaa ufukweni huenda hakumbuki 2005 na 2006. Sisi tunakumbuka. Ziwa lilirudi nyuma hadi mahali pa kuegeshea mitumbwi pakawa tope, na tope likapasuka. Mawe tuliyozoea kuogelea juu yake yalikaa nje yakiwa makavu, yana mstari mweupe kuonyesha maji yalikuwa yakifika wapi. Wenye mitumbwi walilipa vijana wa kuiburuta. Ukame ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini iliyobaki ya sababu ilikuwa Jinja, kule maji ya ziwa yanakotokea kuwa Nile: mabwawa ya umeme yalikuwa yakifungulia maji mengi kuliko kiwango kilichokubaliwa tangu bwawa la kwanza lijengwe mwaka 1954. Sisi wa Mwanza hatukuuona mlango wenyewe uliofunguliwa. Tuliona tope tu.

Kwa hiyo mtu anayesema kuwa hoja ya maji katika filamu hii ni ya kitoto, namwelewa anakotoka, ila namwomba aje akae kwenye benchi lile.

Alikuwepo mwalimu wa fizikia, aliyenifundisha mimi mwenyewe, na yeye ndiye aliyepinga usiku uleule. Alisimama filamu ilipoisha, akaeleza kwa heshima zote kwamba hadithi haina mantiki. Maji yamejaa angani, alisema. Kuna mwezi mmoja wa sayari ya Sumbula (Jupita) uitwao Europa ambao wanasayansi wanakadiria una maji karibu mara mbili ya bahari zetu zote. Kuna vimondo vya barafu visivyo na mwenyewe. Kiumbe mwenye uwezo wa kusafiri kati ya nyota atakosaje kuyachota huko kwa amani, hadi aje kupigana na watu wenye bunduki?

Nahodha mmoja wa mtumbwi, mtu mzima, alimjibu akiwa bado amekaa. "Mwalimu, samaki wamejaa kilindini. Kokoro linavutwa wapi?"

Watu wakaguna. Kokoro ni wavu unaovutwa kutoka ufukweni, ni haramu, unazoa mpaka vifaranga, na kila mmoja mle ndani alikuwa amewahi kuuona ukivutwa. Nahodha akaendelea: anayevuta kokoro anajua kilindini kuna samaki wakubwa zaidi. Ila kilindini kunahitaji injini, mafuta, nyavu ndefu na roho ya kukesha. Ufukweni kunahitaji kamba na watu wa kuvuta. Mwenye tamaa huenda palipo karibu na mkono wake, na akimkuta mtu amesimama hapo, humsukuma.

Mwalimu alifikiri kidogo. Kisha akasema, na mimi nilimheshimu zaidi kwa hilo, kwamba maji ya Europa yako chini ya barafu yenye unene wa kilomita nyingi, na ya kwetu yako wazi. "Basi labda sisi ndio ufukwe," alisema.

Nimesoma kurasa nyingi za mabishano juu ya filamu hii na sijakutana na jibu linaloishinda hoja ya kokoro. Na kuna jambo ambalo nahodha hakulitaja, pengine kwa kuwa aliliona ni la ofisini. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba kusifanyike kazi yoyote kwenye Nile wala kwenye maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza, itakayopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Ziwa hili limo. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Nyerere ilitamka mwaka 1962 kwamba haifungwi na maandishi hayo. Baba zetu walizaliwa kando ya maji ambayo watu wawili wa mbali walikuwa wameshayawekea sahihi. Watu wenye historia hiyo hawawezi kushangaa wakisikia kuna mgeni amefuata maji.

Mtaalamu mwingine kwenye televisheni ya ndani ya filamu analitamka jambo kwa jina lake. Anasema kwamba anayevamia mahali kwa ajili ya mali huwafuta wenyeji, ndiyo kanuni ya ukoloni, na sasa sisi ndio tunaotawaliwa. Mtafsiri alisita. Halafu akasema, "Wamekuja kutufanyia kama Mjerumani."

Hapo kibanda kiligawanyika, na mgawanyiko huo ndio ulionifanya niipende filamu hii zaidi ya thamani yake. Kijana mmoja nyuma alipiga kofi akasema, "Na wao waonje!" Alimaanisha Wamarekani, Wazungu, wakubwa wote kwa pamoja. Wachache walimuunga mkono. Usimwone mjinga. Anaishi kwenye mji ambao Wajerumani waliufanya kituo chao mwaka 1892, ambao alama yake kubwa ni jiwe la asili lililosimama majini tangu kabla ya binadamu kuwepo, nasi hadi leo tunaliita kwa jina la Bismarck, mtu ambaye hakuwahi hata kuliona. Ziwa lenyewe Speke alilifikia kutokea upande wetu huu mwaka 1858, akalibatiza jina la malkia wake. Wasukuma walikuwa wakiliita Nyanza. Kijana yule hakuwa na haja ya kuyasoma haya, anayapita kila siku akiwa kwenye daladala.

Lakini mzee aliyekuwa pembeni yake alimgeukia. "Kwenye lile basi kuna mtoto," alisema. "Naye aonje?"

Kijana hakujibu. Kwenye filamu raia wanapakiwa kwenye basi na kuna mvulana mdogo, Hector, amekaa na baba yake. Baba atauawa baadaye mbele ya macho yake kwa kuokota bunduki na kujaribu kusaidia. Baba alipokufa, sikumsikia yule kijana wa nyuma tena hadi mwisho.

Nilikuja kujua baadaye kwamba swali lile la mzee na kofi lile la kijana ni vya zamani sana katika hadithi za aina hii. H. G. Wells alipoandika mwaka 1898 riwaya yake ya viumbe wa Mirihi kuivamia Uingereza, aliwakumbusha wasomaji wake, kurasa za mwanzo kabisa, kwamba kabla hawajawalaumu wavamizi wakumbuke Wazungu walichowafanyia watu wa Tasmania, ambao kwa maneno yake walifutwa ndani ya muda wa miaka hamsini. Hadithi ya uvamizi kutoka angani ilizaliwa na ukoloni tumboni. Miaka zaidi ya mia moja imepita na filamu nyingi zimelisahau hilo; zimebaki na milipuko. Battle: Los Angeles inalikumbuka kwa sentensi moja ya kwenye televisheni, kisha inakimbilia risasi. Naona ni kosa lake kubwa kuliko yote. Ilishika uzi wenyewe mkononi ikauachia.

Kasoro nyingine walizozitaja ni za kawaida na ni za kweli. Askari ni wengi na wanatambulishwa mbiombio mwanzoni, mmoja anajiandaa kuoa, mwingine mkewe ni mjamzito, kiasi kwamba wakianza kufa hujui umlilie nani. Madubwana hayana sauti wala sura, hujui yanaogopa nini. Hotuba za Kamanda ni ndefu. Na jina la filamu lina historia yake ambayo haimo ndani: usiku wa kuamkia 25 Februari 1942 jeshi la Marekani lilirusha makombora zaidi ya 1,400 juu ya Los Angeles likidhani limevamiwa, na hakikuonekana kitu. Mwalimu ndiye aliyetusimulia. Fundi mmoja wa injini za boti aliuliza kwa nini hawakuitengeneza hiyo, ya watu kuogopa anga tupu usiku kucha. Hata mimi ningependa kuiona.

Sasa nifike kwa mjomba wangu.

Mjomba hakuwa mtu wa filamu. Usiku ule alikuja kwa sababu umeme ulikatika nyumbani na alitaka pa kukaa. Alisinzia nusu ya kwanza yote, mabomu na makelele, ameegemea bati. Kisha ikafika sehemu ambayo wahakiki wengi wameipita kama kitu cha mazoea. Mmoja wa askari ni ndugu wa kijana aliyekufa chini ya uongozi wa Nantz, naye amembeba moyoni kwa chuki. Anamtolea maneno mbele ya wote. Nantz hajitetei. Anaanza kuwataja waliokufa, jina moja baada ya jingine, na cheo, na namba ya jeshi ya kila mmoja, kwa kichwa, hadi anapomfikia ndugu wa huyo aliye mbele yake.

Mtafsiri alianza kutafsiri: "Anataja majina... anataja namba..." Halafu akaona hakuna cha kutafsiri, akashusha maikrofoni. Tukasikia Kiingereza kitupu, sauti ya mtu anayehesabu watu wake.

Mjomba alikuwa ameamka. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na nafsi yake, "Huyu ana majina yao."

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mjomba alikuwa akimsubiri shemeji yake bandarini asubuhi ile, na shemeji alikuwa amepanda daraja la tatu na mikungu yake ya ndizi. Alimtafuta siku sita. Alisogea karibu na kila mwili uliotolewa ambao aliruhusiwa kuusogelea, akaenda hospitali, akaenda uwanjani, akarudi bandarini. Makaburi ya wengi waliokufa yako Igoma, na wapo pale waliozikwa bila ya mtu kujua ni nani. Mjomba huenda Igoma kila Mei na hajui asimame wapi, kwa hiyo husimama mlangoni.

Usiku ule, tukirudi nyumbani chini ya mwezi, aliniuliza yule askari anaitwa nani. Nikamwambia Kamanda. Akasema hapana, jina lake. Sikulijua. Nilikwenda kulitafuta kesho yake kwenye intaneti kafe nikamletea limeandikwa kwenye karatasi: Sajini Michael Nantz. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano mmoja wa mambo ya filamu, na mzungumzaji mmoja akasema kwamba watazamaji wetu wa vibandani wanapenda ngumi na mabomu tu, hawafuati hadithi, kwa hiyo tusijisumbue kuwatengenezea vitu vya kufikirisha. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikaa kimya, na ukimya ule umeniuma hadi leo. Ningesimama ningesema habari za kokoro. Ningesema habari za mjomba na kile kikaratasi. Niliona aibu kuleta maneno ya kibandani mbele ya watu wale, na hiyo ndiyo aibu ninayotaka kuiondoa kwa kuandika hivi.

Kibanda chenyewe hakipo tena. Simu zimekimaliza: kila mtu ana sinema yake mfukoni. Mtafsiri wetu anaendesha bajaji. Lakini mama wa mapanki yupo, na sasa ana meza yake ya kupasulia samaki. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita kwa sababu yeye ndiye aliyetoa maoni ambayo sikuyaelewa usiku ule, na yamenikaa miaka yote hii.

Katikati ya filamu askari wanamkamata dubwana mmoja aliyejeruhiwa, yu hai. Hawajui wampige wapi ili wenzake wafe haraka, kwa hiyo Nantz na daktari wa mifugo aliye miongoni mwa raia wanampasua, wanachoma hapa, wanachoma pale, hadi wanakipata kiungo chenyewe, kando kidogo ya mahali ambapo moyo wa binadamu ungekuwa. Kibanda kilikuwa kikishangilia. Yule mama alikuwa ameingiza kichwa kwenye upenyo wa turubai, mwiko mkononi, na alipaza sauti: "Mnakata nini hivyo!" Tulicheka tukidhani anasema hawajui kupasua.

Nilibeba kompyuta yangu hadi mezani kwake, nikamwekea sehemu ileile. Alikuwa na sangara wa kama kilo sita mbele yake. Alinawa mikono akatazama, uso umekaza. Nikamuuliza, "Mama, unakumbuka ulivyosema?"

"Nakumbuka, baba. Huyu hawajamuua."

"Ni adui, Mama."

"Adui, sawa. Muue." Akamgeuza sangara, akanionyesha. Kwanza unampiga kichwani, alisema, kwa ubapa wa panga, mara moja na kwa nguvu, hata akiwa amefika hapa amelegea. Usianze kisu na kitu kinachopumua. Halafu unaanzia chini, kwenye tundu la choo, unapanda na ncha ya kisu juu juu kuelekea kwenye mashavu, usizamishe, kwa sababu bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, limelala juu, limeshikana na uti wa mgongo, na ukilitoboa bei imekwisha. Aliongea huku akifanya. Tumbo lilifunguka kwa mstari mmoja ulionyooka. Aliingiza vidole viwili, akavuta polepole, na bondo likatoka zima, jeupe, limevimba, likakaa kiganjani mwake.

"Huyu naye alikuja na watu," alisema, akimaanisha sangara. "Bibi yangu hakumkuta. Alikuwa akila furu."

Ni kweli. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kutoka maji mengine ya Afrika, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani popote duniani ila humu, walipotea kwa wingi. Aina zinazokadiriwa kufikia mia mbili hazionekani tena. Nikamwambia hayo. Akasema anajua, ila sangara huyuhuyu ndiye aliyemsomeshea watoto watatu, na hawezi kumtukana mezani pake. Akaliweka bondo kwenye beseni la maji, akalifunika.

Kisha akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Alipofika pale Nantz anapoinua kisu, aliniambia nisimamishe, akanyoosha ncha ya kisu chake mwenyewe hadi karibu na skrini, bila kuigusa, juu ya shingo ya yule kiumbe.

"Hapa," alisema. "Mara moja. Halafu utafute unachotafuta."

Mteja alifika akaulizia kichwa. Akamhudumia, akahesabu chenji, akanawa tena mikono na kuifuta kwenye kanga.

"Endelea, baba," akasema. "Siku ile sikuimaliza, mafuta yalikuwa yanaungua. Yule mtoto wa kwenye basi alifika?"

Nikabonyeza, nikamsogezea kiti.